Nimepata kazi, na sasa naambiwa mama atakosa pesa za wazee

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 37, kitinda mimba wa mama yangu, na ninaishi naye Likoni, Mombasa, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Nilirudi hapa pamoja na mwanangu baada ya ndoa yangu kuvunjika, na kwa muda mrefu nilikuwa nikipika vitafunio na kuvisambaza madukani, kazi ambayo faida yake haikutosha hata mahitaji ya mtoto. Wakati huo ndipo nilipoiona kwa macho yangu thamani ya fedha anazopata mama kutoka mpango wa serikali wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo mtaani kwetu huitwa pesa za wazee. Mama ana miaka 78 sasa, na aliandikishwa katika ule usajili wa mwaka 2017 wa wazee waliotimiza miaka 70. Fedha hizo huja kwa mkupuo, mara nyingine zikiwa zimechelewa sana, lakini zikifika hulipa deni la duka, hununua dawa ya presha inapokosekana zahanati, hutoa mchango wake katika kikundi cha kuzikana, na mjukuu wake naye hakosi kitu. Kwa kuwa macho yake yamepungua nguvu, mimi ndiye niliyeandikwa mlezi wake katika mpango huo, na ndiye ninayemsindikiza benki.

Mwaka jana Mungu alinifungulia riziki nikapata kazi ya ukarani katika kampuni ya kuondoa mizigo bandarini. Mshahara wangu ni shilingi 32,000 kabla ya makato. Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuitengeneza nyumba kidogo: saruji ya sebuleni iliyokuwa imechimbika nikaifunika kwa taili, nikanunua tangi la maji, na mama akaacha kupikia makaa, akaanza kutumia gesi, kwa sababu moshi ulikuwa ukimsumbua kifua.

Furaha hiyo sasa imeingia doa. Nilipomsaidia mama kujiandikisha katika bima ya afya ya serikali, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, tuliulizwa maswali mengi kuhusu nyumba, yakiwemo ya sakafu, maji na nishati ya kupikia, na mwishowe mchango aliopangiwa ukawa mkubwa kuliko wa jirani yetu ambaye ni rika lake. Niliona kana kwamba nimemtoza mama yangu ushuru kwa taili nilizomwekea mwenyewe. Kabla sijatulia, jirani mwingine aliye karibu na wazee wa mtaa akamwambia mama kwamba orodha ya pesa za wazee itakaguliwa upya, na kwamba mzee anayeishi na mtoto aliyeajiriwa ataondolewa. Tangu siku hiyo mama halali vizuri.

Kaka yangu, ambaye anafanya kazi Qatar, anasema nihame nikapange chumba ili mama ahesabiwe kuwa anaishi peke yake, na anaahidi kwamba yeye atatuma fedha za kumtunza. Niliulizia chumba Bamburi nikaambiwa ni shilingi 8,000 kwa mwezi, bila stima. Dada yangu anasema nisihame, ila nikiulizwa niseme sina kazi, kwa sababu hakuna atakayedai kuiona hati yangu ya mshahara. Na mama mwenyewe alitamka neno lililonichoma: alisema afisa akija, atamwambia kwamba mimi ni mgeni tu, nimekuja kumtembelea. Mimi, niliyezaliwa katika nyumba hii.

Ninaogopa kumwacha. Mwezi wa Ramadhani uliopita aliteleza chooni usiku, na lau si mimi kusikia kishindo, sijui ingekuwaje. Lakini pia naogopa kubaki nikawa sababu ya yeye kupoteza haki yake. Je, ni kweli kwamba mshahara wangu unaweza kumwondoa mama katika orodha? Nihame? Ninyamaze? Nimechoka kujiona kama mtu anayemdhulumu mama yake kwa kwenda kazini.

Wako,
Binti wa Likoni

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzigo huu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona umebeba hofu mbili ambazo umezifunga katika furushi moja. Ya kwanza inahusu Inua Jamii, na ya pili inahusu SHA. Hizi ni ofisi mbili tofauti, zenye sheria tofauti na namna tofauti ya kuitazama nyumba yenu, na kinachotokea katika moja hakiamui kinachotokea katika nyingine. Hebu tuzitenganishe kwanza, kwa sababu huenda uamuzi unaotaka kuufanya kuhusu makao yako unategemea mambo ambayo bado hayajathibitishwa.

Nianze na neno la jirani. Sidhani alilitunga, kwa kuwa lina asili yake. Mpango wa fedha kwa wazee ulipokuwa bado mchanga, ulilenga nyumba maskini zenye mzee wa miaka 65 au zaidi, na nyumba yenye pensheni au kipato cha uhakika haikutakiwa kuingia. Wakati huo kilichopimwa kilikuwa nyumba nzima, na mtoto aliyeajiriwa aliweza kweli kuwa sababu ya mzazi wake kuachwa. Kisha ukaja usajili unaoutaja, wa mwaka 2017, ambao malipo yake yalianza mwaka 2018. Huo ulijengwa juu ya msingi mwingine: umri wa miaka 70, uraia wa Kenya, na kutokuwa mpokeaji wa pensheni ya serikali. Mshahara wa mtoto haukuwa miongoni mwa masharti hayo. Baada ya hapo serikali imeendelea kukusanya taarifa za hali ya maisha ya kaya katika sajili yake ya pamoja ya hifadhi ya jamii, na ndiyo maana mitaani watu wanazungumzia maswali ya sakafu, mapato na idadi ya watu wa nyumba. Kwa hiyo masharti ya vipindi mbalimbali yamechanganyika vinywani mwa watu, na jirani anaweza kuwa anasimulia kwa nia njema sharti ambalo mama yako hakuingilia kwalo.

Ndiyo sababu nakuomba ulitazame upya swali lako la kwanza. Umeuliza kama mshahara wako unaweza kumwondoa mama. Swali ambalo lingekufaa zaidi kwa sasa ni hili: mama yangu yumo katika orodha kwa usajili upi, na je, kuna barua au tangazo lolote rasmi linalobadilisha masharti ya waliosajiliwa pamoja naye? Mwenye kulijibu ni afisa wa huduma za jamii katika kaunti ndogo ya Likoni, na rekodi ya mama husomwa kwa nambari ya kitambulisho chake. Mzee wa mtaa ana heshima yake na mara nyingi husaidia, lakini hana mamlaka ya kumfuta mtu. Mnapokwenda, ulizeni pia kuhusu zoezi la kuthibitisha kwamba mpokeaji yu hai, kwa sababu mzee asiyejitokeza kuthibitishwa anaweza kusimamishiwa malipo hata kama anaishi peke yake katika kibanda. Nina wasiwasi zaidi na jambo hilo kuliko na mshahara wako, na hasa kwa mama mwenye macho dhaifu ambaye huenda hataliona tangazo.

Na ikiwa siku moja ataondolewa kweli, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 47, inampa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi pale ambapo uamuzi wa kiutawala umeathiri haki yake. Asikubali kuambiwa tu dirishani kwamba jina halipo. Uamuzi wenye sababu zilizoandikwa unaweza kupingwa, na mlango wa Tume ya Haki ya Utawala uko wazi kwa malalamiko ya namna hiyo bila malipo.

Sasa SHA. Hapa lazima nikuambie ukweli ambao huenda hautakupendeza: ulichokihisi kina msingi. Kwa watu wasio na ajira rasmi, mchango hukadiriwa kwa kuangalia hali ya nyumba na maisha, na taili, tangi na gesi vinaweza kuwa vimepandisha kiwango cha mama. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na huenda jirani yenu ndicho alichopangiwa. Lakini yaangalie majibu yaliyojazwa. Mara nyingi mtoto anayemsaidia mzazi kujiandikisha hujibu kwa kufikiria maisha yake mwenyewe, akaandika kipato au mali ambayo ni yake yeye na si ya mzazi. Kama kuna jibu lisilo sahihi, nendeni kwenye dawati la SHA katika Huduma Centre iliyo jengo la Posta, Digo Road, mkaombe lirekebishwe. Kama majibu yote ni ya kweli, basi tofauti hiyo iingizwe katika bajeti ya nyumba.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mshahara wako hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya SHA, ambayo kwako ni shilingi 880 kila mwezi, na wengi hudhani makato hayo yanamfunika pia mzazi wanayeishi naye. Hayamfuniki. Yanakuhudumia wewe na mwanao. Mama ni mwanachama kwa jina lake mwenyewe na lazima mchango wake ulipwe kando, hata kama mnakula chungu kimoja. Afadhali ulijue hili leo kuliko ulijue hospitalini.

Baada ya hayo, tuyatazame mapendekezo ya ndugu zako, kwa sababu kila moja lina gharama ambayo aliyelitoa hatailipa.

Kuhama. Kaka yako anataka kulinda shilingi 2,000 kwa kukufanya ulipe 8,000. Hiyo ni mara nne ya fedha zinazolindwa, na bado hujaongeza stima, nauli, na mtu wa kukaa na mama usiku. Pia umenieleza kwamba wewe ndiye uliyeandikwa mlezi wake. Ukihama, nani atamsindikiza benki, na nani atakisikia kishindo usiku? Tena kuhama kwako hakutaziondoa taili na tangi katika hesabu ya SHA, kwa kuwa vitabaki palepale. Simwoni kaka yako kuwa na nia mbaya. Mtu aliye mbali huona hesabu ya fedha kwa urahisi zaidi kuliko hesabu ya usiku. Hata hivyo, huenda wewe una sababu zako mwenyewe za kutaka makao yako, kwa mfano faragha, au maisha mapya baada ya ndoa iliyovunjika. Kama zipo, zinastahili kuzingatiwa zenyewe, wala zisijifiche nyuma ya pesa za wazee. Jiulize: kama tishio hili lisingekuwapo, ungetaka kuishi wapi?

Kusema huna kazi. Dada yako amesema hakuna atakayedai hati ya mshahara. Pengine. Lakini mshahara wako hauko katika hati hiyo peke yake. Uko katika makato ya kila mwezi ya kodi, mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF), SHA na ushuru wa nyumba, yote chini ya nambari moja ya kitambulisho chako, na kitambulisho hichohicho kimeandikwa kama cha mlezi wa mama. Kumpa afisa wa serikali taarifa ya uongo ni kosa kisheria, na lawama ingemwangukia mama pia, ilhali hadi sasa hakuna ushahidi kwamba ukweli unamdhuru. Mngekuwa mnajitia hatarini ili kuepuka hatari ambayo huenda haipo.

Kuitwa mgeni. Hapa ndipo barua yako iliponigusa zaidi, na nadhani hapa ndipo uchungu wako ulipo. Mwanangu, sikuwapo mama alipolitamka neno hilo, lakini ningependa ulisikilize tena. Mwanamke wa miaka 78 anayesema hivyo huenda anajaribu kukukinga wewe: asiwe mzigo juu yako, mshahara wako usihesabiwe kuwa ni wake, nawe usilazimike kuondoka. Au huenda anazilinda fedha ambazo ni zake peke yake kwa namna ambayo hakuna fedha nyingine ilivyo yake. Ulivyoyaeleza matumizi yake, nimeona anavyozipenda: deni la duka analipa yeye, mchango wa kuzikana anatoa yeye, mjukuu anapewa na yeye. Mzee anayetunzwa kwa kila kitu hubaki na mambo machache ya kuamua, na hizi shilingi 2,000, ambazo kwa zaidi ya miaka kumi hazijaongezwa ilhali bei ya unga na mafuta imepanda mara ngapi, bado zinamwezesha kuamua. Zungumza naye, usimkabili. Muulize anachoogopa ni nini hasa. Sina hakika kama kuna mtu aliyemuuliza. Ninyi watoto watatu mna mapendekezo matatu, na mwenye jina katika orodha ndiye aliyeachwa kando na hofu yake.

Njia nyingine ni kubaki kwa uwazi, mkajibu lolote litakaloulizwa kama lilivyo, na wakati huohuo mkajiandaa endapo malipo yatakatika. Njia hii nayo ina hatari, kwa sababu sera hubadilika, na sitaki uondoke hapa ukiamini kwamba yaliyokuwa mwaka 2017 yamefungwa daima. Kama malipo yangekatika, nyumba yenu ingepoteza shilingi 24,000 kwa mwaka. Kwa mshahara wako ni pengo linaloumiza lakini linaloweza kuzibwa, hasa kaka yako akiigeuza ile ahadi ya kutuma fedha kuwa mpango wa kila mwezi wenye kiasi na tarehe, badala ya nitatuma ya kwenye simu. Mwombe aanze sasa, wewe ukiwa bado Likoni, nawe utaona kama ahadi hiyo ilikuwa kwa ajili ya mama au kwa ajili ya wewe kuhama. Na ikifika siku ya kuziba pengo, nakusihi umpe mama fedha taslimu mkononi mwake. Usibadilishe fedha zake kwa kumnunulia vitu. Utakuwa umejaza kabati na kumwondolea kile alichokuwa akikithamini.

Kuhusu kumdhulumu: soma kifungu cha 57 cha Katiba. Kinasema mzee ana haki ya kupata utunzaji na msaada unaofaa kutoka kwa familia yake na kutoka kwa Serikali. Wote wawili wametajwa pamoja, na hakuna mahali kilipoandika kwamba mmoja akifanya wajibu wake mwingine apumzike. Sisemi kwamba kila afisa atakayekuja mlangoni atakuwa amekisoma. Nasema ni vyema ukisome wewe, ili unapokwenda ofisini uende kama mlezi anayefuatilia haki ya mzazi wake, usiende kama mtu aliyekamatwa na jambo.

Sikuamulii kama ubaki au uhame, wala mama aseme nini kwa mdomo wake. Lakini ningependa kabla hujalipa hata shilingi moja ya chumba, mwende ninyi wawili ofisi ya huduma za jamii mapema asubuhi siku ambayo una ruhusa ya kazi, mkiwa na kitambulisho chake, chako, na kadi yake ya benki, na mama aulize mwenyewe swali lake. Andika jina la afisa, tarehe, na alichojibu. Kisha mpelekee kaka na dada yako jibu hilo kabla hamjazungumza tena juu ya chumba cha Bamburi, na usiku huo utafute namna ya kuweka taa na kishikio pale chooni alipoteleza, kwa kuwa hilo halihitaji kungoja jibu la mtu yeyote.

Mama Mshauri